Vipimo vya Kichwani

Kichwa changu ni sanduku la chuma. Neno likiingia humo halitoki mpaka nilifungulie mwenyewe, na tangu nianze kuwaletea hii habari ya Fundi aliyepoteza simu sijakosea hata nukta.

Isipokuwa wiki iliyopita. Nilimalizia kwa kusema kwamba simu iliyopotea ilipokelewa na mwanamume. Hakuwa mwanamume. Tena nilisema ilikuwa Jumatano, na ilikuwa Alhamisi. Yule msomaji aliyeandika kuuliza kama nimezeeka au nimechanganyikiwa, namjibu kuwa hayo mawili yanaweza kupanga nyumba moja. Tuendelee.

Alhamisi basi, saa tatu asubuhi. Chumba cha kushonea kina cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na pazia la maua linaloziba pembe ya kujaribia nguo. Fundi, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, aliyewavisha nusu ya wanawake wa mtaa ule, amekaa hashoni. Wifi yake, mdogo wa mumewe, bibi harusi wa keshokutwa, amesimama mbele yake ndani ya gauni jeupe lililojaa pini. Ameweka simu yake kwenye spika na anaipigia ile iliyopotea kwa mara ya kumi na moja.

Mara kumi iliita ikakatika. Ya kumi na moja ikapokelewa.

Aliyepokea hakusema haloo. Walisikia pumzi, kisha kijiko kikigonga kikombe, kisha sauti ya mwanamke ikisema kwa raha zake:

"Bibi Pipa. Kifua hamsini, kiuno hamsini, nyonga hamsini. Huyu hashonewi, huyu anafungwa pete za chuma."

Na kicheko juu yake.

Fundi alikitambua kile kicheko. Kilikuwa chake mwenyewe. Aliyeshika simu alikuwa anawachezea sauti aliyoirekodi Fundi, na ilipokwisha akakata bila kusema neno.

Kwa mliochelewa kupanda gari hili, nawaeleza mara moja. Fundi haandiki vipimo. Mikono miwili ikishika futi ya kupimia, kalamu ataishika kwa mguu? Kwa hiyo huilaza simu mezani, huibonyeza irekodi, hupima na kutaja kwa sauti, na usiku hushona akijisikiliza. Kila mteja ana rekodi yake, na kila rekodi ina jina, lakini si jina alilopewa na wazazi wake. Kuna Bibi Pipa, kuna Mabega ya Mlango, kuna Mama Pumua Kwanza. Rekodi mia na arobaini, na katikati ya inchi kuna maneno yake ya kujichekesha.

Namba ya siri, hamna. Ilikuwapo ya kidole. Lakini vidole vya Fundi vimeliwa na sindano na chaki miaka ishirini na miwili, simu ikawa haimjui mwenyewe. Alipochoka kugombana nayo akaondoa ulinzi wote, ikawa wazi kama kisima cha mtaa.

Sasa Wifi. Miaka miwili nyuma aliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya uvimbe. Nyumbani aliaga kwamba duka la dawa anakofanya kazi limempeleka kozi ya miezi mitatu. Kaka yake hajui hadi leo. Mchumba wake hajui. Fundi alijua kwa sababu futi haidanganyiki, akamkatia sponji na kuishonea ndani ya bitana ya kila nguo yake.

Na Wifi hakutaka kumficha mchumba mpaka Jumamosi. Alishapanga. Ijumaa jioni angemwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, akimtazama usoni. Alikuwa ameyafanyia mazoezi yale maneno mbele ya kioo kama mtoto anayekwenda kusoma shairi. Alichotaka ni kitu kimoja tu: asisikie kwa mtu mwingine.

Aliposikia habari za Bibi Pipa zikitoka kwenye simu, rangi ilimtoka.

Alimwuliza Fundi kama ndivyo anavyowarekodi wateja wote. Fundi akasema si wote, baadhi.

"Na mimi?"

"Wewe sikukurekodi. Wewe uko hapa." Akajigusa kipaji cha uso. "Nilizima simu ukiwa unaona."

Wifi alisema alichoona ni simu ikilazwa kifudifudi juu ya meza.

"Ilikuwa imezimwa, mama. Naapa. Vipimo vyako viko kichwani, huko hakuna mwizi anayeingia."

Mnanijua, sipendi kumsingizia mtu. Nasema tu kwamba kiapo kilitoka upesi kuliko swali.

Wifi alitaka kuamini, kwa hiyo akaamini. Ni mtu wa dukani, amezoea kusoma karatasi za madaktari, akili yake haikai bure. Akasema kati ya rekodi mia na arobaini, mtu amechagua moja hiyohiyo. Mwizi angechagua kwa nini? Mwizi angekwishauza simu. Anayeichezea hiyo ni yule aliyesemwa ndani yake.

"Bibi Pipa ni nani?"

Fundi akaokota uzi sakafuni. Akaokota na mwingine. Sakafu ya fundi haiishi nyuzi, angeweza kuokota hadi Jumapili.

"Wifi, Bibi Pipa ni nani?"

"Shangazi wa mchumba wako," alisema Fundi, akiwa bado ameinama.

Wifi alikaa kitako juu ya marobota ya vitambaa, pini na yote. Huyo shangazi ndiye aliyemlea mchumba wake tangu akiwa na miaka sita. Ndiye aliyekuja kuleta posa. Siku ile alikula, akacheka, akamshika Wifi mkono na kusema nyumba yao imepata mtu. Na huyo ndiye Bibi Pipa.

Aliuliza ameipataje simu. Fundi akasema labda ameinunua kwa mwizi, na mwizi anajulikana, yuko hapo nje.

Alimaanisha Kisigino. Kisigino ni fundi viatu, anakaa barazani, mlango wao ni mmoja. Jumanne jioni simu ilipokosekana, Fundi alitoka akampindulia sanduku la kazi mbele za watu, gundi, misumari, nyayo za mpira, vyote chini. Simu haikuwamo. Tangu siku hiyo Kisigino aligeuza kigoda chake, mgongo ukaelekea mlangoni, na salamu akawa anawapa viatu.

Wifi alijifunga kanga juu ya gauni, akatoka, akachutama mbele yake.

Akamwambia, "Kaka, nisamehe kuja hivi. Jumanne uliona nani akiwa na ile simu?"

Kisigino alimaliza kupiga msumari, akautazama kama umenyooka.

"Shemeji yako."

"Wifi yangu mwenyewe?"

"Kama ni wifi au shemeji, hizo ni hesabu zenu. Huyo mwenye cherehani. Simu ilikuwa juu ya lile gauni la zambarau. Mama mnene alikuwa anaharakishwa na gari. Akakunja gauni, akakunja na simu, akafunga na uzi, akampa. Nilikuwa hapahapa nabandika soli."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alimwuliza kwa nini alinyamaza siku mbili nzima.

"Uliniuliza nimeificha wapi," alisema Kisigino, bila kugeuka. "Kuona hukuniuliza."

Kwa hiyo hakuna aliyeiba. Fundi aliifunga aibu yake kwa mkono wake, akaitia fundo zuri la kifundi, akamkabidhi mwenye kusemwa, na akamshukuru kwa kuja.

Pale pale Wifi akaamua kutongoja Ijumaa. Akamwandikia mchumba: Nina neno la kukwambia kabla ya Jumamosi, nataka leo. Mchumba ni dereva wa lori la saruji, kwa kawaida jibu lake huja baada ya saa mbili akiwa amesimama kujaza mafuta. Safari hii lilikuja kabla Wifi hajarudi ndani.

Aliandika: Leo niko na gari dogo. Nakuja huko huko kwa Fundi. Nampitia Shangazi, naye ana shida hapo.

Wifi alilisoma mara mbili, akampa Fundi naye alisome.

Alisema mpango wake kwa sauti ndogo. Avue gauni, avae nguo zake, akae nje barazani. Gari likisimama, amwombe mchumba washuke mtaani wawili peke yao, amwambie huko. Shangazi atakuwa ndani na Fundi, na Fundi kazi yake ni kumchelewesha kwa radhi na maji ya kunywa. Dakika kumi zinamtosha.

"Unaweza?"

"Kuongea ndiyo kazi yangu," alisema Fundi.

Hapo hakudanganya.

Wifi akaingia nyuma ya pazia. Zipu ya gauni jeupe ikashuka hadi mbavuni, ikakwama. Ilikuwa imeuma bitana, upande wa kushoto, palepale kwenye sponji. Akavuta juu, ikagoma. Akavuta chini, ikagoma. Fundi alikuwa ameshika mkasi anaelekea kumsaidia honi ilipolia nje.

Aliyeshuka ni mmoja tu. Kigoda cha Kisigino kilisogea kumpisha mtu.

Fundi akalivuta pazia likaziba mpaka mwisho. Akageuka, na Shangazi alikuwa tayari ndani.

Alikuwa amevaa lile gauni la zambarau. Wala si uwongo, ni mwanamke mkubwa, mlango ulimjua alipopita. Lakini gauni lilikuwa limemkaa kama limemwagwa juu yake. Akavuta kiti cha cherehani, akakaa, akaweka simu juu ya paja, akaifunika kwa kiganja.

Alisema kijana wake yuko nje ndani ya gari, amemwambia asubiri, hajamweleza kitu. Alisema alilifungua lile furushi la gauni jana asubuhi akaikuta simu. Hakutaka kuchokonoa. Alikuwa anatafuta namba ya mume wa Fundi ampigie waje kuichukua, akabonyeza pasipo penyewe.

"Nimeisikiliza ya kwangu mara kumi na moja," alisema Shangazi. "Halafu nikalivaa gauni. Nikaona limenikaa vizuri. Hicho ndicho kinachoniuma."

Fundi alipiga magoti. Akamwita mama, akamwita mama mzazi, akasema ni shetani, ni uchovu, ni ulimi, na mengine ya namna hiyo ambayo mimi sitayaandika yote, gazeti lina mwisho. Shangazi alimwacha amalize, kama mtu anavyongoja maji machafu yatoke bombani.

Kisha akasema ya kwake siyo yaliyomleta pale. Mwili ule ameubeba miaka sitini, na majina ameshapewa na watu wenye akili kuliko Fundi.

"Kuna mwingine humu. Umemwita Nusu."

Nyuma ya pazia henga ya nguo iligonga ukuta.

Fundi akakohoa kuufunika mlio huo, amechelewa kidogo. Shangazi hakutazama huko.

Alisema alisikia mwanzo tu wa rekodi ile. Alisikia kushoto hakuna titi, weka sponji, akazima. Kwa sababu mama wa huyo kijana aliye garini, wifi yake yeye Shangazi, alikufa na ugonjwa huohuo. Yeye ndiye aliyekuwa akimwosha, yeye ndiye aliyekuwa akimkunjia kitambaa na kumwekea upande ule ili mtoto akija kumkumbatia asijue. Miaka minne alikikunja kile kitambaa. Hakuwahi kumpa jina.

Nyuma ya pazia kukawa kimya kabisa. Mtu anayevua nguo huwa hakai kimya hivyo.

Ndugu zangu, hapa ndipo ningemshika Fundi bega kama ningekuwapo. Mlango ulikuwa wazi kupita lori. Alihitaji tu kusema ukweli mmoja mdogo.

"Sitaki kumjua ni nani," alisema Shangazi. "Na huyo kijana hatasikia hata herufi. Nakuuliza neno moja, nijibu, nikupe simu yako niondoke. Huyo mwanamke alijua kuwa unamrekodi?"

Akisema hakujua, basi aliye nyuma ya pazia, aliyeapiwa asubuhi hiyohiyo kuwa hakurekodiwa, anasikia. Akisema hakumrekodi, simu hii hapa, rekodi hii hapa. Fundi alipima huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili akakata kitambaa kabla ya kumaliza kupima.

"Alijua," alisema. "Aliniruhusu mwenyewe. Tena ni mtu wa mbali, alikuwa mpita njia, amekwishasafiri. Yeye ndiye aliyesema, nirekodi tu, Fundi, usije ukasahau."

"Aliruhusu."

"Mbele ya Mungu."

Shangazi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali," alisema. "Basi kama aliruhusu, hakuna ubaya tukimsikia akiruhusu."

Na kabla Fundi hajanyanyuka magotini, kidole gumba cha Shangazi kikashuka kwenye simu.

Kwanza ulitoka mnong'ono wa Fundi, wa mtu anayeongea karibu na meza ili asisikiwe na aliyekuwa nyuma ya pazia siku ile: "Nusu. Gauni la harusi. Kushoto hakuna titi, sponji inchi mbili, bitana juu." Shangazi alifumba macho lakini hakuzima. Kisha, ndani ya simu, pete za pazia zikakwaruza kwenye fimbo, na miguu mitupu ikakanyaga sakafu.

"Wifi, hiyo simu umeizima kweli?"

Sauti ya msichana. Yenye woga. Sauti iliyomkaribisha Shangazi siku ya posa na kumwuliza kama kiti kinamfaa.

Shangazi akafumbua macho.

"Nimeizima, mama," ilijibu simu kwa sauti ya Fundi. "Si unaiona imelala? Wewe nakuweka kichwani."

Pete za pazia zikakwaruza tena, na safari hii haikuwa ndani ya simu.

Wifi alitoka. Gauni jeupe lilikuwa bado mwilini, limechanika ubavuni mahali alipoing'oa zipu kwa nguvu. Upande wa kushoto ulikuwa umelala bapa, hakuuziba hata kwa mkono. Sponji alikuwa ameishika. Akaja nayo hadi kwenye meza ya kukatia, akaiweka, akainyoosha nyuzi kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Hakumtazama Shangazi. Alimtazama Fundi aliyekuwa bado kwenye magoti.

"Saa tatu uliapa niko kichwani," alisema. "Saa hizi nilikuruhusu, na nimeshasafiri. Yule aliye nje anangoja nimwambie ukweli wangu. Nisaidie, wifi. Kati ya hayo mawili, nianze na lipi?"

Fundi akafungua mdomo. Sauti yake ikatoka, safi, ya mtu mwenye kazi yake, lakini ilitoka kwenye paja la Shangazi, ambaye alikuwa amesahau kuzima:

"Kifua, thelathini na sita. Kiuno, ishirini na tisa. Simama wima, mama, usinifiche kitu."